Mwanahisa Mmoja

Nyanjige Mayala aliingia dukani kwa Shifa akiwa amechoka, wala hakuwa amechoshwa na mwendo. Kutoka Somanda, mashine yake ilipo, hadi pale dukani katikati ya mji wa Bariadi, mtu husalimiana na watu wawili watatu akawa ameshafika. Uchovu wake ulikuwa wa zamani. Ulikuwa uchovu wa mtu aliyeambiwa maisha yake yote "twende wote", na kila alipogeuka nyuma akajikuta yuko peke yake na mzigo.

Shifa, binti wa marehemu Athumani muuza vitambaa, alikuwa na duka la fotokopi na picha za pasipoti. Lakini watu hawakumfuata kwa hayo. Walimfuata kwa sababu alijua kuelewana na mifumo ya serikali ya mtandaoni. Aliyetaka TIN, ile namba ya mlipakodi, aliyetaka leseni, aliyekosewa jina kwenye kitambulisho, wote walikaa kwenye benchi lake wakangoja zamu.

"Mwadila, mayu," Shifa alisalimia. Kisukuma chake kilianzia kwenye salamu na kuishia kwenye bei.

"Mwadila, mwanangu. Nataka kampuni."

Shifa akamsogezea kiti. "Kampuni, au jina la biashara? Jina la biashara ni jepesi zaidi, mama."

"Jina la biashara ninalo. Nieleze tofauti yake."

"Jina la biashara ni wewe mwenyewe, umevaa kofia tu. Biashara ikishtakiwa, umeshtakiwa wewe. Ikifilisika, wanakuja mpaka nyumbani kwako. Kampuni ni mtu mwingine. Ina jina lake, mali yake na madeni yake. Ikianguka, imeanguka yenyewe. Wewe unapoteza kile ulichokiweka humo, basi. Kitanda chako hakiguswi."

"Mtu mwingine," Nyanjige akarudia polepole. "Na huyo mtu anakula?"

"Anakula kodi na ada."

Nyanjige alicheka, kicheko kifupi cha puani. "Basi huyo ndiye ninayemtafuta. Anayeweza kuanguka bila kunishika nguo."

Alikuwa na sababu ya kusema hivyo. Mashine yake ya kukamua mafuta ya pamba ilianza kuwa ya kikundi cha akina mama, walioinunua kwa mkopo. Mwenyekiti wao alipotoroka na makusanyo, waliokuja kudai hawakumkuta mwenyekiti. Walimkuta Nyanjige, maana yeye ndiye aliyekuwa mashineni akifanya kazi. Wakabeba cherehani yake, wakabeba kitanda, wakabeba na mabati aliyoyaweka akiba ya kuezekea jiko. Wenzake wakampa pole, mmoja mmoja, kila mtu na njia yake. Deni akalimaliza yeye, mashine ikabaki kwake, na tangu hapo alilala vizuri usiku ambao hakukumbuka tu.

Sasa kulikuwa na mfugaji mmoja wa ng'ombe wa maziwa huko Mwanza, bwana Constantine, aliyetaka mashudu yake msimu mzima. Mashudu ndiyo yanayobaki mbegu za pamba zikishakamuliwa. Ng'ombe akiyala, ndoo inajaa. Bwana Constantine alisema wazi kwamba hanunui kwa mtu binafsi. Ananunua kwa kampuni.

Shifa akaanza kubonyeza. Aliuliza namba ya kitambulisho, akauliza TIN, akauliza mahali ofisi ilipo. Kisha akauliza, "Wanahisa ni akina nani?"

"Mimi."

"Na nani?"

"Na mimi."

Shifa akainua macho kutoka kwenye kompyuta. "Mama, wengi wanaoletwa hapa ni wawili. Mtu anamweka mume, anamweka ndugu, anamweka mtoto. Huyo wa pili mara nyingi anawekwa jina tu."

"Hao wa kuwekwa jina tu ndio walionichosha."

"Sawa. Mmoja inawezekana, ila karatasi zako tutampa wakili azitazame kwanza. Na kuna ushauri mmoja nakupa kama mwanao. Kampuni ya wawili, mmoja akitangulia, mwingine anabaki. Yako wewe ukitangulia inabaki yatima, na watu wataigombania kama mzoga. Tutaje kabisa mtu atakayesimama mahali pako."

Nyanjige hakuwa na mtoto. Aliitazama mikono yake, imejaa vumbi la mbegu kwenye mikunjo, vumbi ambalo sabuni ilishalikatia tamaa.

"Hilo niache nikalifikirie," akasema.

Jina nalo likawa na kazi yake. Waliandika Tumaini, Shifa akatafuta, lilikuwa na mwenyewe. Wakaandika Mwangaza, lilikuwa na mwenyewe. Neema, Baraka, Faraja, kote wametangulia watu.

"Majina yote mazuri wameshachukua," Shifa akasema, naye sasa amechoka.

"Andika Nyanjige Mayala. Hilo sidhani kama kuna mtu amelitaka."

Na kweli, lilikuwa wazi.

*

Mashineni alimkuta Monika anapepeta mbegu, kitambaa kimefungwa puani. Monika alikuwa wifi yake, mke wa Josia, mdogo wake Nyanjige. Josia alikwenda Lamadi kufanya biashara ya samaki, akasema atarudi masika yakianza. Masika yalikuja na kuondoka miaka kadhaa; Josia akapata mwanamke mwingine kule ziwani, na Monika akabaki nyumbani kwa wifi yake, akila anachokula wifi yake na kufanya kazi anayofanya wifi yake. Watoto wao wawili walisoma bweni, na ada alitoa Nyanjige. Hayo yalitokea yenyewe. Hawakuwahi kukaa chini wakayapanga.

"Wamekubali?" Monika akauliza.

"Bado. Lakini wamepokea."

"Na mmemwandika nani?"

"Mimi."

Monika alingoja, kama mtu anayedhani mwenzake hajamaliza sentensi. Alipoona imeishia hapo, akarudi kwenye ungo wake. Nyanjige akavaa kanga ya kazi, akawasha mashine, na kelele zake zikayafunika mengine.

Mji mdogo hauna mlango. Dereva aliyewaletea mbegu alipita Lamadi kununua samaki, akamwambia Josia kwamba dada yake anafungua kampuni. Jumamosi iliyofuata, kabla jua halijawa kali, pikipiki ilisimama nje ya uzio wa mashine. Alishuka Josia, amebeba gunia la dagaa, na nyuma yake akashuka Mzee Shigela, baba yao mdogo, kutoka Migato. Mzee Shigela alikuwa amevaa koti, na Nyanjige alipoliona lile koti alijua hajaja kusalimia. Koti lile lilivaliwa misibani na kwenye kesi tu.

Alizima mashine. Akawapa viti kivulini, akapiga goti kumsalimia mzee, akaagiza soda. Monika akaleta maji ya kunawa bila kumtazama mumewe, naye mumewe akanawa bila kumtazama mkewe.

Waliuliza habari za mvua. Waliuliza habari za ng'ombe. Ndipo Mzee Shigela akaweka chupa chini.

"Mwanangu, tumesikia unaandikisha kampuni."

"Ndiyo, baba."

"Ni jambo jema. Ukoo wetu haujawahi kuwa na kampuni. Ila tumesikia umejiandika peke yako, nikasema huyo aliyeleta habari hakusikia vizuri. Mtu hafanyi shirika na kivuli chake."

"Alisikia vizuri, baba."

Josia akaingilia. "Dada, mimi sikuja na ugomvi. Niweke tu kwenye hizo karatasi. Hata kidogo. Mimi ndiye mwanaume niliyebaki kwa Mayala. Kesho na keshokutwa Mungu akifanya yake, nani atasimama hapa? Mashine itashikwa na watu baki wakati mimi nipo?"

"Upo wapi, Josia?"

"Dada..."

"Nimeuliza tu. Nisaidie nijue. Mashine ilipokatika shafti ulikuwepo? Walipokuja kubeba kitanda changu ulikuwepo?"

"Mambo ya zamani hayo," Mzee Shigela akasema. "Mwanamke hana ukoo wa kwake, Nyanjige. Ana wa baba yake na ana wa mumewe. Wa mumeo ulikushinda, umerudi kwa baba yako, nasi tumekupokea. Sasa unajitengenezea kitu ambacho hakina baba wala ndugu. Huyo binti wa mjini amekwambia kampuni ni mtu, sivyo? Basi umezaa mtoto wa karatasi ili ukoo usimpate."

Maneno yale yalimfika. Monika, aliyekuwa akifunga magunia, aliacha kufunga.

Zamani Nyanjige angelia, au angesimama na kupandisha sauti hadi majirani wachungulie. Safari hii hakuona nguvu hiyo ilipo. Aliongea taratibu, kama anayesoma kitu kilichoandikwa zamani.

"Baba, ulisema mmenipokea. Ngoja nikukumbushe namna mlivyonipokea. Nilipoolewa na Mihayo, ng'ombe wa mahari yangu walifika kwa baba mzazi, na hawakumaliza hata mwaka zizini. Wakaenda kumwolea Josia mke. Huyu hapa, Monika. Sikuona ubaya, ndivyo ilivyo. Mihayo aliponipiga kwa sababu sizai, nikarudi nyumbani. Baba akasema ng'ombe hawapo, rudi kwa mumeo. Nikarudi. Akanipiga tena, nikarudi tena, na wewe baba mdogo ulikuwepo, ukasema nivumilie mpaka Josia atafute ng'ombe wa kunirudishia. Josia alitafuta?"

Josia akatazama dagaa wake.

"Wale ng'ombe nilimrudishia Mihayo mimi. Mmoja mmoja, kwa mafuta ya mashine hii. Nilijikomboa mwenyewe kama mtu anayejinunua mnadani. Kwa hiyo mke wa Josia nimemlipia mara mbili: nilipoolewa na nilipoachika. Sidai. Sijawahi kudai. Lakini nimechoka, baba. Kila kitu changu kilikuwa cha watu wote siku ya kula, na siku ya kulipa kikawa changu. Hiki kimoja naomba kiwe changu siku zote mbili."

Kuku akapita katikati yao akidonoa mbegu.

"Unatukana ukoo," Mzee Shigela akasema mwishowe, ila sauti yake ilikuwa imepungua.

"Situkani. Nikifanikiwa nitawapa kama mtu anavyowapa ndugu zake. Ila kwa mkono wangu."

Mzee akasimama, akakataa chakula, jambo ambalo kwa mtu wa Migato ni zito kuliko matusi. Josia alibaki nyuma kidogo. Alimkabidhi Monika gunia la dagaa, akasema, "La watoto." Monika akalipokea, akaliweka chini pale pale aliposimama, akarudi kwenye magunia yake.

Pikipiki ilipoondoka, Nyanjige aliketi. Alijiambia kwamba ameshinda, akatafuta furaha ndani yake kama mtu anayepapasa mfukoni, asiione.

"Monika," akaita. "Njoo ukae."

Monika akaja, akavua kitambaa puani.

"Shifa anataka nitaje mtu wa kusimama mahali pangu nikifa. Nimefikiri. Nataka nikutaje wewe."

Alitegemea Monika atashukuru. Labda hata atalia. Siku ile ilikuwa na nafasi ya kilio. Monika alifuta jasho shingoni.

"Asante, wifi," akasema. "Lakini mimi na wewe tumepishana miaka michache. Ukifa leo, mimi nitakufa kesho. Sitaki kukaa hapa nikikusubiri ufe. Mimi nataka mshahara."

"Mshahara?"

"Wa mwezi. Kama watu wa jineri ya pamba wanavyolipwa. Na Jumapili nipumzike."

"Monika, ni nini umekosa kwangu? Unakula, watoto wanasoma..."

"Sijakosa kitu. Ndiyo maana sijawahi kusema." Alikuwa akiongea akitazama mashine, si Nyanjige. "Lakini leo umesema mbele ya mzee kwamba umenilipia mara mbili. Nimesikia. Ni kweli, wala sikatai. Wewe ulilipiwa mara moja, ukajikomboa kwa mashine hii. Na mimi, wifi, nitajikomboa na nini? Hata nikitaka kumwacha Josia leo, nitatoa wapi ng'ombe? Nafanya kazi tangu asubuhi mpaka jua linazama, na sina changu hata cha kununua kanga bila kukuomba."

Nyanjige alisimama. Alisema magunia hayajashonwa, alisema mteja wa mafuta yuko njiani, akaenda kuwasha mashine. Hasira ilimshika siku nzima, hasira ya mtu aliyenyoosha mkono kutoa akaambiwa kilichomo si kile kinachotakiwa. Jioni walikula ugali na wale dagaa wa Josia bila kuongea. Kesho yake pia hawakuongea, isipokuwa ya kazi: lete, shika, sogeza.

Lakini mtu akishasema neno lake, haliondoki kwa kunyamaziwa. Nyanjige alianza kumtazama Monika akifanya kazi, kama vile ndiyo kwanza ameajiri mgeni na anampima. Aliona namna anavyosikiliza mashine na kujua mkanda umelegea kabla haujaruka. Aliona namna anavyoushika mgongo kila anapoinua gunia, akiugeukia ukuta ili asionekane. Siku ya tatu au ya nne Nyanjige aliacha kununa. Alikuwa amechoka hata kuwa na hasira.

*

Wakili alizitazama karatasi, akarekebisha mawili matatu, akagonga muhuri. Shifa akazifungua kwenye kompyuta kwa mara ya mwisho kabla ya kutuma.

"Mtu wa kusimama mahali pako, mama. Umempata?"

"Monika Shinje."

"Uhusiano?"

"Wifi yangu." Kisha akashtuka kidogo. "Ngoja. Akiachana na mdogo wangu, atakuwa bado wifi?"

Shifa akafikiri. "Kwa kweli sijui."

"Usiandike wifi, basi. Andika mfanyakazi wa kampuni."

"Una mfanyakazi? Ana mkataba?"

"Ndicho kilichonileta pia. Niandalie mkataba. Weka mshahara wa kila mwezi, na uandike Jumapili ni mapumziko. Andika vizuri, nisije nikasema sikuelewa."

Shifa alichapa, mtandao ukakatika, ukarudi, wakaanza upya ukurasa mmoja. Nje jua lilikuwa limepasua barabara na mbuzi walijibanza kwenye ukuta wa duka. Nyanjige alisinzia kwenye benchi. Alipoamshwa, maombi yalikuwa yameshakwenda.

Cheti kilitoka wiki iliyofuata. Shifa alimpigia simu, Nyanjige akaenda, akakikuta kimechapwa kwenye karatasi nyepesi, jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa, na chini yake neno la kuonyesha kwamba kampuni ikianguka inaanguka yenyewe. Alidhani atajisikia mrefu zaidi. Alijisikia kama siku zote, ila karatasi aliishika kwa ncha za vidole, asije akaichafua.

Mkataba alimsomea Monika mashineni, kwa Kiswahili cha Shifa, kisha wakazungumza kwa Kisukuma yale ambayo Kiswahili kilikuwa kimeyapitia juu juu. Monika aliuliza maswali mengi kuliko Nyanjige alivyotarajia. Akiumwa je? Mashine ikisimama msimu ukiisha je? Ada ya watoto itakatwa humo?

"Ada ni ya shangazi yao," Nyanjige akasema. "Haimo."

Monika alisaini jina lake lote, taratibu, ulimi umetokeza pembeni.

"Na kule kwingine?" akauliza. "Kule kwa kufa?"

"Nimekuandika. Ukikataa nitalifuta jina lako."

Monika alikunja nakala yake, akaiweka kifuani ndani ya nguo. "Iache. Lakini usifanye haraka."

Hawakukumbatiana. Kulikuwa na lori la bwana Constantine lililotarajiwa, na mashudu yalikuwa hayajapimwa. Walifanya kazi mpaka lori likajaa, dereva akaandika risiti kwa jina la kampuni, akaondoka.

Mzee Shigela hakukanyaga tena pale. Mwezi wa kiangazi kikali, majani yalipokwisha Migato, alimtuma mtu na mkokoteni kununua mashudu ya ng'ombe wake. Nyanjige aliuza kwa bei ile ile ya watu wote, kisha akaongeza gunia moja juu, akamwambia yule mtu aseme limetoka kwa binti yake. Kama mzee alishukuru, habari haikufika Bariadi. Josia alipiga simu mara kwa mara, akiuliza habari za watoto, na siku moja akauliza kama Monika bado yupo. "Yupo kazini," Nyanjige akamjibu.

Monika alianza kununua vitu vidogo. Kanga. Sufuria yake mwenyewe. Halafu akaacha kununua, na Nyanjige akaelewa kwamba anaweka. Hakuuliza anaweka kwa ajili gani. Akijikomboa, anaweza kuondoka pia, na mashine ile haiwezi kuendeshwa na mtu mmoja. Jambo hilo lilimkalia Nyanjige moyoni, na wakati mwingine akiwa amechoka sana alitamani angenyamaza, Monika angenyamaza, mambo yakabaki yalivyokuwa. Kisha alfajiri aliamka, akamkuta Monika ameshafika na ameshatia mashine oili, wakaanza.

Lakini Jumapili ya kwanza baada ya mkataba, kabla ya yote hayo, mashine ilinyamaza, Monika akaenda kanisani na nguo iliyopigwa pasi. Nyanjige alibaki nyumbani asijue la kufanya na mikono yake. Alifagia uwanja uliokwisha fagiliwa. Alikwenda mpaka mashineni, akashika mkanda, akaukuta umekaza. Akarudi, akatandika mkeka chini ya kivuli cha ukuta, akasema atanyoosha mgongo kidogo tu. Usingizi ukamchukua mchana kweupe, mzito, mdomo wazi, na kuku wakapita juu ya miguu yake bila yeye kujua.